Malipo Saba ya Kwanza

Zena mwanangu,

Umetoka saa kumi kwenda Stratford kuwaaga wenzako, na mie nimeomba nibadilishiwe zamu ili leo nisiende kwa wazee wangu ninaowatunza kazini. Nilikwambia nabaki kukupikia. Wali uko motoni kweli, ila sikubaki kwa ajili ya wali. Nimebaki kuandika jambo ambalo kwa mdomo limenishinda miaka kumi.

Naandika kwa Kiswahili na najua utaguna. Utasoma polepole, kidole juu ya mstari, kama nilivyokufundisha kwa barua za bibi yako wa Tanga. Vizuri, maana jambo lenyewe halitaki kusomwa mbio. Ya kuvaa sweta na kula asubuhi na kuswali siyataji, hayo nimekuimbia tangu ujue kutembea. Nataka kusema juu ya hiyo kazi yako.

Jana mezani ulinitandazia makaratasi ya kampuni ya Manchester. Picha ya mama wa Kizungu anacheka huku anachana barua. Ukanieleza kwa furaha: watu wenye madeni wanapigiwa simu, mnawafuata majumbani, wanatia saini, kampuni inasema na mabenki, na deni la kumi linalipwa kwa nne. Mshahara mdogo, lakini kila saini ina chake. Na meneja kafurahi ati unajua Kiswahili, maana wanataka kuwafikia watu wetu. Halafu ukanishika mkono ukasema, "Mama, nitakuwa nasaidia watu kama wewe."

Nikainuka nikaenda kuosha sahani ambazo zilikwisha oshwa. Wewe ukadhani nimenuna kwa sababu umeahirisha chuo. Wala! Niliinuka kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na sikutaka uniulize ya nini.

Hebu nikuulize mie kwanza. Tangu lini Kiswahili chetu kikawa na bei katika nchi hii? Miaka hiyo nilipokwenda kuomba kazi ya kupokea wageni hospitalini, nikaambiwa Kiingereza changu hakitoshi, nikapewa ndoo. Leo Kiswahili chako, cha kusukumasukuma, kinatosha mpaka unapewa simu na posho ya basi? Mtu akikilipia kitu chako cha bure, uliza anakwenda kukitumia wapi.

Najua unacheka. Unapenda kusema siamini mtu. Kwamba yule bwana wa gesi nilimwacha mlangoni mpaka nikapiga simu kwao kuuliza kama wana mtu wa jina lile. Kwamba hata risiti ya mkate naisoma pande mbili. Naam, naisoma. Lakini sikuzaliwa hivyo, mwanangu. Nilikuwa mwepesi wa kuamini kuliko wewe, na aliyenifunza kushuku alikula katika sahani zangu.

Unamkumbuka mjomba Athumani? Yule wa boksi la tende, aliyekuwa akikubeba mabegani humu sebuleni mpaka unagonga taa. Alipoacha kuja ukaniuliza mwezi mzima mjomba yuko wapi, na mie nikakujibu kahamia Ulaya ya ndani huko. Athumani hakuwa mjomba wako. Alikuwa akifanya kazi hiyo unayokwenda kuianza kesho.

Nianze na deni, usije ukadhani mama yako alikuwa mtu wa anasa. Babu yako aliugua mwaka baba yako aliporudi zake Dar na kutuacha na fleti hii ya kaunsili, serikali ya mtaa, na kitanda kimoja. Kulikuwa na operesheni, halafu operesheni ya kurekebisha ile ya kwanza, halafu mazishi. Miaka ile kadi za benki zilikuwa zinakuja zenyewe mlangoni, jina lako limeshaandikwa, bado saini tu. Nikatumia ya kwanza kwa hospitali. Ya pili nikanunulia tiketi ya kwenda kumzika baba. Ya tatu ilikuwa ya kulipia zile mbili, na hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba nimepotea. Juu yake katalogi, vitu vya kuagiza kwa mkopo: mashine ya kufulia, kitanda chako, koti lako jekundu. Ukijumlisha yote ni kama paundi elfu sita na kitu. Nilikuwa nikilipa kidogo kidogo kila mwezi na deni halishuki, kama mtu anayefagia uani huku upepo unavuma. Lakini nalipa! Barua nafungua, simu napokea, usiku nalala.

Athumani nilimwona kwenye harusi, ukumbi mmoja huko huko Stratford. Kanisikia nasema, akaja mbio. "Dada, wewe mtu wa Tanga! Hiyo 'mie' yako haifichiki." Kwao Pongwe. Anaijua Ngamiani, barabara kwa barabara, na mama mmoja muuza bajia aliyekuwa akimfahamu hata marehemu baba. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Loh! Huyu alinijua mpaka jina la mtaa, na alinila nikabaki mifupa.

Hakuzungumza habari ya deni siku ile. Alikuja nyumbani Jumapili ya kwanza na tende, ya pili na juisi yako. Ya tatu nikiwa nalalamika habari za katalogi, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Dada, mbona unajitesa? Kuna watu kazi yao ni hiyo. Mie nipo nao." Mie nikaona Mungu kaniletea ndugu.

Sasa fika hapa uende polepole zaidi, Zena.

Jumapili ya nne alikuja na mkataba. Nilikuwa nimempikia wali wa nazi na changu wa kukaanga kutoka kwa yule muuza samaki wa Tottenham, na pilipili ya kuponda. Akala kwa mkono, akaongeza, akasifu. Kisha tukasogeza sahani pembeni, akatandaza karatasi pale pale mezani, mafuta ya samaki bado yako juu ya kitambaa. Kurasa sita, maandishi madogo kama chawa. Akanipa kalamu, akanionyesha pa kutia saini kwa kidole.

Wewe ulikuwa na miaka tisa na ndiye uliyekuwa msomaji wa nyumba hii. Kila barua ya Kiingereza ulikuwa unanisomea, ya shule, ya kaunsili, ya daktari. Ilikuwa ndiyo desturi yetu: karatasi ikifika mezani, unaivuta. Basi ukaivuta. Ukasoma kimya kidogo, midomo inacheza, ukafika ukurasa wa tatu. Ukasema, na kwa Kiswahili ulisema, sauti yako naisikia mpaka leo:

"Mama, hapa inasema malipo saba ya kwanza ni ya kwao. Na hairudi. Mama, inasema na wewe—"

Athumani akacheka. "Mashallah, dada, huyu wakili huyu!"

Na mie nikaona aibu. Usiniulize kwa nini, unajua kwa nini. Mgeni kala chakula changu, bado ana tonge mdomoni, na mtoto wangu anakagua karatasi yake mbele ya uso wake kana kwamba tumemwita mwizi. Kwetu huwezi kumwambia mtu uliyemkirimu, "Ngoja kwanza nisome." Ni kama kumhesabia vijiko akiaga. Nikakufinya paja chini ya meza. Nikasema, "Zena! Adabu iko wapi? Hayo mambo ya wakubwa. Nenda chumbani!"

Uliiweka karatasi chini taratibu, ukaondoka. Hukulia. Ningependa ungelia. Nami nikatia saini mahali pale alipoweka kidole, nikamwomba radhi kwa ajili yako.

Kuna watu watakwambia mama yako hakujua kusoma ndiyo maana kaliwa. Si kweli. Mie nilikuwa na msomaji, tena wa bure, tena anayenipenda. Nilimfukuzia chumbani.

Baada ya hapo maagizo yakaja. Kuanzia leo, dada, usiwalipe wale hata senti, fedha yote lete kwetu, mia na hamsini kila mwezi. Wakipiga simu usipokee. Barua usizifungue, zitakutia presha bure. Waache wachoke, wakichoka watakubali chochote. Maneno hayo yalikuwa matamu, Zena, nisikufiche. Mtu aliyebanwa na deni ukimwambia asifungue barua, umempa likizo. Sisi husema dawa ya deni kulipa. Mtu akikuletea dawa nyingine inayoanza na kutolipa, mtazame mikono yake.

Ndipo nikakufundisha kusema uongo. "Mama hayupo." Simu ikilia unapokea wewe, mie nimesimama hapo hapo nakutikisia kichwa. Ulikuwa hodari. Mwisho ukawa hata huniangalii, unasema tu "hayupo" na kurudi kwenye katuni zako. Barua nikazitia ndani ya lile sufuria kubwa la pilau, la shughuli, juu ya kabati, na kifuniko juu. Mabenki hayakuchoka. Riba ikapanda, faini juu ya riba, na ile elfu sita ikaenda ikawa elfu nane, mie sijui kwa sababu ziko ndani ya sufuria. Mficha maradhi kifo humuumbua, bibi yako kaniambia hivyo maisha yangu yote.

Na sasa ndiyo sehemu ambayo si Athumani wala kampuni. Ni mie.

Ulishaniuliza kwa nini shangazi Mwanaidi alikaa mwaka mzima bila kukanyaga hapa, na hakuja hata sikukuu. Nilikujibu ana kijicho. Mungu anisamehe, nilimsema kijicho mwanamke yule mbele ya mtoto. Ukweli ni huu. Tulikuwa na upatu, wanawake kumi, kila mtu sitini kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anachukua mia sita zote. Kijumbe, mkusanyaji wa fedha, nilikuwa mie. Walinichagua kwa sababu mkono wangu ulikuwa haujawahi kupungukiwa. Mwezi wa nne wa mkataba ilikuwa zamu ya Mwanaidi, na fedha ile ilikuwa ya mabati. Nyumba ya mama yake Muheza ilikuwa imeezuliwa na upepo na mvua za masika ziko njiani.

Wiki ile Athumani akapiga simu. "Dada, ungepata mia sita kwa mpigo, kazi ingeanza haraka. Benki ya kwanza tungeifunga kabla ya mwezi kwisha."

Kazi ingeanza. Nimelipa miezi mitatu, na mtu ananiambia kazi ingeanza! Mbona sikuuliza kwani ilikuwa haijaanza? Nilikuwa na mia sita za Mwanaidi ndani ya bahasha chini ya godoro. Nikajiambia benki moja ikifungwa nitapumua, nitazirudisha kwa wiki mbili. Nikampa, na baada ya hapo sikupeleka nyingine. Mwanaidi nikamwambia wawili bado hawajaleta, avumilie. Akasema, "Haya shoga, wewe si mtu wa kunidhulumu." Maneno hayo hayo.

Mwezi wa sita wakaja madalali wa mahakama. Wanaume wawili, wanagonga kwa ngumi na kuita jina langu lote kwenye korido, majirani wanachungulia. Nikakuvuta nyuma ya sofa nikakuziba mdomo. Nikakunong'oneza kwamba tunacheza kujificha. Ulinitazama. Mtoto wa miaka tisa ananitazama kwa huruma, kama vile mie ndiye mtoto, ukakubali kucheza.

Jumamosi iliyofuata Mwanaidi akaja kuazima sufuria. Kuna maulidi kwao, anataka lile kubwa. Nilikuwa jikoni na unga mikononi. Nasikia kiti kinaburutwa, nasema ngoja nije, lakini Mwanaidi umjuavyo, hangoji. Nikasikia kifuniko kinaanguka, halafu barua zikamwagika juu ya kichwa chake, thelathini na kitu, hazijafunguliwa. Akafungua moja, alisoma sekondari yule. Akafungua ya pili. Akaketi pale pale kwenye kiti alichokipanda.

"Hela yangu iko wapi?"

Hakuuliza hizi ni barua gani. Aliona moja kwa moja.

Nikamweleza. Sikuacha hata neno moja. Mwanaidi alinitukana, Zena, matusi ya Tanga ya zamani, mengine nilikuwa nimeyasahau. Halafu akasimama, akazipanga barua kwa rangi za bahasha, akazitia kwenye mfuko wake. "Jumatatu tunakwenda huko kwao. Na usidhani nakuja kwa ajili yako. Nakuja kwa ajili ya mabati yangu."

Ofisi ilikuwa Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Treni, halafu basi, halafu kutembea. Nilitegemea nikute mlango umefungwa na mwizi kakimbia, na wallahi ningefurahi, maana mwizi unamlaani unarudi nyumbani. Lakini mlango ulikuwa wazi. Kuna zulia, kuna mashine ya maji baridi, kuna bibie nadhifu wa Kihindi aliyezaliwa Nairobi, na Kiswahili chake safi kupita cha Athumani. Akatukaribisha. Akatoa faili langu. Mwanaidi akamuuliza fedha za watu ziko wapi, bibie akafunua ukurasa wa tatu, akaweka kalamu chini ya mstari.

"Dada, malipo saba ya kwanza ni ada yetu. Na ile mia sita imehesabiwa kuwa ni malipo manne. Kwa hiyo ada imekamilika, hongera. Mtakayolipa baada ya hapo tutayalimbikiza, tukitoa gharama za kila mwezi. Zikitosha, tutaanza kuzungumza na mabenki."

"Wangapi mmeshazungumza nao?" Mwanaidi akauliza.

"Bado. Fedha hazijatosha."

Kaa hapo kidogo, mwanangu. Mia na hamsini mara tatu, na mia sita za mabati ya watu. Elfu moja na hamsini. Hakuna benki iliyopata hata peni. Walikuwa hawajaandikiwa hata barua. Na hakuna aliyenidanganya! Lilikuwa limeandikwa pale pale, mstari ule ule, ukurasa ule ule uliousoma wewe na tonge la mgeni bado halijamezwa. Nikasema kwa sauti, sikujua nimeitoa, "Mwanangu aliniambia." Bibie akauliza, "Nini?" Nikamwambia hakuna.

Nikauliza habari za Athumani. Kaacha kazi, akasema. Hakutimiza idadi ya saini. Nikaja kusikia baadaye kwamba na yeye alikuwa na mkataba kama wangu, alitia saini wiki ya kwanza ya kazi, alilipa mpaka mwisho na benki yake ikamfikisha mahakamani.

Hapa ndipo nataka unisikie kuliko pengine popote. Miaka mingi nimetamani Athumani awe mwovu. Nimemtafutia uovu katika kila kitu, katika tende, katika kukubeba mabegani. Siupati. Nafikiri alikuja kwetu anaamini. Nafikiri alimsifu samaki kwa sababu alikuwa mzuri. Walimchukua kwa ajili ya ile "dada" yake, wakaiuza, wakamwacha. Ungekuwa mtoto mbaya nisingepoteza wino. Wewe ni mzuri, una uso wa kuaminika, unasalimia wazee kwa shikamoo hata huku. Mtu kama wewe akibisha hodi na karatasi, mama wa Kikongo aliyetoka zamu ya usiku atampikia. Atamwona binti wa nyumbani. Na ataona aibu kumwambia, "Ngoja kwanza nisome."

Tulirudi kwa basi na treni. Tulipofika Tottenham hakuniacha niingie nyumbani. Akanipeleka ofisi moja ya ushauri wa bure nyuma ya maktaba, benchi limejaa watu na mifuko ya barua kama yetu. Mama mmoja mzee wa Kizungu, koti lake limetoboka kiwiko, akazifungua barua zangu zote, moja moja, akapiga simu mbele yetu. Alikuwa mkali kwa wale mabenki, Mwanaidi akampenda papo hapo. Kufika saa kumi na moja, wawili walikuwa wamekubali kusimamisha riba na kupokea paundi tano kwa mwezi kwa kuanzia. Katalogi wakakubali tatu. Wa mwisho alichukua wiki tatu. Na kwa bure, Zena. Kile nilichoambiwa hakiwezekani bila wao, mwanamke wa koti bovu alikifanya kwa simu na kikombe cha chai.

Sikwambii kila kampuni ni sawa. Sizijui zote, na huenda hiyo yako ni ya watu wema. Mie nashuku, lakini kushuku si kujua. Nakwambia tu maswali ambayo sikuuliza. Fedha ya kwanza inakwenda wapi? Mabenki yameandikiwa lini, na barua yenyewe iko wapi niione? Nikiacha kulipa, nani atagongewa mlango, nyie au mie? Na wewe unayeniambia, unalipwa lini, deni langu likiisha au nikitia saini?

Hilo la mwisho kaa nalo. Wewe mwenyewe umenijibu jana bila kujua.

Mwanaidi nilimlipa ishirini kila wiki, miezi saba na zaidi, napeleka mwenyewe mkononi. Alikuwa akizihesabu mlangoni, ananiambia kwaheri. Mabati yalichelewa masika mawili. Mama yake alihama kwa ndugu na huko akaugua kifua, akapona, alhamdulillahi, ila angeweza asipone. Upatu walinivua ukijumbe, na walifanya haki. Siku nilipomaliza Mwanaidi alizihesabu kama kawaida, kisha akasema, "Ingia basi, chai ipo." Kesho asubuhi anakuja na visheti vyako vya safari. Mpe mkono vizuri, na ujue kwamba hakuwa na kijicho hata siku moja.

Mabenki yalichukua miaka saba, naongeza malipo kila nilipoweza. Ulikuwa na kumi na sita siku niliyopika pilau katika lile sufuria bila sherehe yoyote, ukaniuliza nani anaoa. Sasa unajua.

Nimekuomba radhi kwa mambo mengi maishani, kwa kuchelewa, kwa kukupiga kibao siku ile ya basi. Hili sijawahi. Uliisoma sawasawa, mwanangu. Ulikuwa na miaka tisa na ulijua, na mie niliyekuwa na thelathini na nne nilikufinya ili mgeni asione haya. Tangu siku ile hukuvuta tena karatasi mezani mwenyewe. Nikikupa unasoma, nisipokupa unakaa. Nimeliona hilo miaka yote kumi na sikusema. Nisamehe.

Sikukatazi kwenda. Una miaka kumi na tisa na basi ni la saa tatu. Lakini ndani ya bahasha hii nimekuwekea ule mkataba wangu, kurasa zote sita, doa la samaki lipo kwenye kona. Nimeuficha miaka yote mahali ambapo hata Mwanaidi asingepanda. Na ule wako wa kazi najua uko mfuko wa mbele wa begi, hujausoma mpaka mwisho, mama yako anakujua.

Kesho tukishakunywa chai, keti kwenye kiti kile kile. Nisomee wa kwangu kwa sauti, halafu nisomee wa kwako, mpaka mstari wa mwisho. Mwanaidi atakuwepo, na aje na mgeni yeyote anayetaka. Ukimaliza, ukiamua bado unakwenda, nitakubebea begi mwenyewe mpaka kituoni. Ila anza pale ulipokatizwa. "Mama, inasema na wewe—" Miaka kumi sijajua mstari ule unaishiaje, kwa sababu sikuthubutu kumwomba mtu mwingine anisomee.

Mie nitanyamaza.

Mama yako